Mtaalamu na Tumbo la Kompyuta

Sijui alizaliwa wapi, na kusema kweli sijawahi kupata hamu ya kuuliza. Mimi nilimkuta Tunduma akiwa ameshakuwa Mtaalamu, na hilo ndilo jina pekee aliloliitikia. Ukimwita fundi alikutazama kuanzia miguuni kwenda juu. Fundi, alisema, ni wa baiskeli. Ukimwita kwa jina lake la ubatizo alijifanya hakusikia mpaka ukachoka mwenyewe. Hata mama ntilie aliyemletea wali maharage alilazimika kusema, "Mtaalamu, chakula," ndipo mkono ukanyooka kupokea sahani.

Nilimfahamu kwa miaka mingi kuliko alivyostahili. Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha, chumba kimoja kirefu karibu na geti la mpakani, wakati huo bado tuko Mkoa wa Mbeya. Mwenye ofisi alikuwa Haji, mtu wa Tanga aliyekuja na lori moja akaweka maskani. Makarani tulikuwa wawili, mimi na Sekela. Sekela alitoka Ibaba, kule milimani Ileje, msichana mrefu mwenye sauti iliyowafanya madereva wageuke hata akisema "subiri kidogo." Jumapili aliongoza kwaya. Siku nyingine zote aliskani karatasi pamoja nami, na mshahara wake ndio uliowaweka wadogo zake shuleni.

Kila lori lililotaka kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, lilikuja na furushi lake: ankara, manifesti, bima, picha za lakiri za kontena. Tuliziskani, kisha programu iliyotoka Dar ilizisoma, ikazipunguza ukubwa na kuzifunga pamoja ili zitumwe. Lori ambalo karatasi zake hazijatumwa lilibaki pale pale. Sasa, programu ile ilikuwa na tabia ya kufa. Ilianza kwa kasi, ikameza lori la kwanza, la pili, la tatu, halafu mwendo ukapungua, ikaganda, na mwisho kikatokea kibao kwenye kioo kusema memori haitoshi. Hapo ndipo Haji alipotoa simu mfukoni na kusema, "Mwiteni Mtaalamu."

Alikuja na mkoba wa ngozi bandia. Ndani yake mlikuwa na bisibisi, brashi ya kupakia rangi, na taulo. Sikuwahi kuona kitu kingine, ila taulo lilikuwa safi daima. Alitaka dirisha lifungwe na watu watoke nje, kwa sababu, alisema, mashine haipendi macho. Sisi tulikaa kwenye benchi barazani huku foleni ya malori ikiwa imerudi nyuma kuelekea Mpemba, na kupitia upenyo wa mlango niliona anachofanya. Alifungua mfuniko, akajaza mashavu, akapuliza. Akafuta uso kwa taulo. Akaweka sikio kwenye bati akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akaagiza soda.

Baada ya soda aliiwasha mashine, nayo ikawaka na kufanya kazi. Ingekosaje kufanya? Kitu chochote kilichozimwa kikawashwa tena kinaanza upya. Lakini ungemwona Haji alivyomshika mkono kwa mikono yake miwili, ungedhani amefufua maiti.

Nadharia yake yote ya kompyuta ilikuwa moja, nayo aliisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Memori ni tumbo," alisema, akijipigapiga la kwake. "Mtu akishiba, hata umletee pilau, haliingii. Lazima atolewe alichokula, au aongezewe tumbo." Watu walipenda sana maneno haya. Haji aliyarudia kwa wateja. Nilimsikia hata mbadilishaji kwacha mmoja pale getini akimweleza mwenzake habari za tumbo la kompyuta, na yeye hajawahi kuigusa. Ubaya wa mtu mjinga mwenye ulimi ni kwamba ujinga wake unakuwa mtamu kuliko ukweli wa watu wengine.

Mimi nilikuwa nimeshaona jambo moja. Siku za katikati ya wiki, malori yakiwa machache, programu haikufa. Jumatatu, baada ya malori kulundikana mwisho wa wiki, ilikufa kila mara. Na ukiifunga programu yenyewe tu ukaifungua tena, bila kupuliza wala kusikiliza bati, iliamka na nguvu mpya. Maana yake haikuhitaji shahada. Programu ilikuwa inashika kila karatasi iliyosoma na haiachii, inashika na hii, inashika na ile, mpaka mikono inajaa. Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya Haji, kwa adabu zote, "Mtaalamu, labda tuipe malori machache machache."

Alicheka kwanza. Kisha akamgeukia Haji, si mimi. "Haji, huyu binti ni karani, siyo?"

"Karani, ndiyo."

"Basi akarani."

Haji alicheka pia. Haji hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Aliswali, alilipa kwa wakati, na alimpeleka hospitali mtoto wa mlinzi kwa gari lake. Lakini alikuwa na udhaifu wa watu wengi waliotafuta mali bila kukaa darasani: mtu akimwambia kitu asichokielewa kwa sauti ya kujiamini, alikiamini.

Tumbo likaongezwa. Kipande cha kwanza cha memori kilitoka Mbeya mjini, na Mtaalamu alikibeba ndani ya taulo kama mtu aliyebeba yai. Tulipewa kukitazama, si kukishika. Jumatatu iliyofuata programu ilimeza malori mengi zaidi kidogo, kisha ikafa. Kikaletwa kipande cha pili. Ikafa tena, imechelewa tu. Ukimpa ndoo kubwa mtu aliyesahau kufunga bomba, maji yatamwagika baadaye, lakini yatamwagika.

Dereva mmoja wa Zambia alikuwa kwenye benchi siku hiyo, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu. Mtaalamu alipotoka nje kujinyoosha, yule mzee aliinuka. "Ba Engineer, mukwai," alisema kwa heshima ya Kibemba, "hilo tumbo lako, mimi limeniweka hapa tangu juzi. Linakula nini?"

"Kompyuta haina haraka," Mtaalamu akamjibu. "Mwenye haraka ni dereva."

Watu walimcheka yule mzee. Hii nayo niliichukia kwake: kila alipobanwa alitafuta mtu wa kuchekwa, na watu walimpa kicheko upesi, kila mmoja akishukuru kwamba hajachekwa yeye.

Nitamtendea haki mara moja, halafu niendelee. Msimu mmoja wa mvua kijana utingo alizidiwa na malaria kwenye foleni, na dereva wake hangeweza kuacha mzigo. Mtaalamu alimkokota mpaka zahanati, akakaa naye mchana kutwa, akamnunulia uji. Hilo nililiona kwa macho yangu. Ila mwezi mzima uliofuata hapakuwa na mkutano, msiba wala meza ya chai ambako hatukusikia habari za ule uji. Utingo alipopita na lori lake miezi baadaye, Mtaalamu alimwita barabarani aje kusalimia, ili sisi tuone. Wema aliufanya, lakini hakuweza kuulaza na njaa ya sifa hata siku moja.

Na jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba Mtaalamu hakuweza kuandika barua kwenye kompyuta. Alitafuta herufi moja moja, kidole kimoja kimeinuliwa hewani, midomo ikicheza. Barua zake zote aliandikiwa na Sekela. Binti yake alipopata kipaimara, Sekela ndiye aliyemtengenezea kadi za mwaliko, zenye maua pembeni, akabaki ofisini baada ya kazi kuzikamilisha. Hakudai kitu. Mtaalamu alizipokea, akazikagua moja moja kwenye mwanga, akasema, "Maua yamezidi."

Kwa hiyo nafika kwenye Jumatatu yenyewe.

Malori yalikuwa mengi kuliko kawaida, na ndani yake mlikuwa na msafara wa mteja mkubwa wa Haji. Programu ilikufa asubuhi. Mtaalamu akaja, akapuliza, ikawaka, ikafa. Akapuliza tena. Mchana mteja akapiga simu kutoka Dar kwamba anahamisha mzigo wake kwa wakala mwingine, na Haji akatoka kwenye simu ile amekuwa na rangi ya majivu. Alisimama mlangoni akamwambia Mtaalamu maneno ambayo hajawahi kumwambia: "Umeongeza tumbo mara mbili. Sasa niambie, nani anakula?"

Kwa mara ya kwanza Mtaalamu alikaa kwenye kiti chetu na kuanza kufungua mafaili, hili na hili, kama mtu anayepekua nyumba ya jirani, mpaka akafika kwenye faili lililoandikwa Kwaya. Zilikuwa nyimbo za kwaya ya kina Sekela, zilizorekodiwa kanisani kwao Ibaba kwenye kinasa cha kuazima. Sekela aliziweka pale kwa sababu hakuwa na kompyuta nyingine duniani, na mimi na Haji tulijua zipo. Haji mwenyewe aliwahi kusema huyu binti anaimba vizuri ingawa si dini yetu.

"Huyu hapa," Mtaalamu akasema. Mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Haji, njoo uone mwenyewe. Tumbo limejazwa nyimbo."

"Nyimbo zimekaa huko tangu mwaka jana," nikasema. "Na hatuzifungui wakati wa kazi. Zinahusianaje?"

"Karani," akasema, "chakula cha jana hakikai tumboni?"

Sekela alikuwa amesimama karibu na skana na furushi la karatasi mikononi. Hakulia. Alisema tu, "Haji, mimi sijaharibu kitu," na lafudhi ya Kindali, lugha ya kwao, ikasikika katika kila neno, kama ilivyokuwa akiogopa. Haji hakumtazama. Alitazama foleni nje ya dirisha, akasema mali ya watu si uwanja wa kuimbia, akamwambia achukue vitu vyake. Mtaalamu akazifuta nyimbo mbele yetu sote, moja baada ya nyingine, ingawa angeweza kulifuta faili zima kwa mara moja. Sekela alipanda Hiace ya alasiri. Kabla habari haijapoa, Tunduma nzima ilijua kwamba msichana wa kwaya ameua kompyuta ya Haji, na wakala yeyote aliyemwendea baadaye kuomba kazi alimuuliza kwanza kama anaimba.

Jumatatu iliyofuata programu ilikufa saa ile ile. Mtaalamu akaja na maelezo mapya. Alisema ni makovu. Tumbo likishatanuliwa na nyimbo, alisema, linabaki na makovu, linahitaji muda.

Nilipata hasira ambayo ilinifanya niwe mtulivu. Kuanzia wiki ile sikuuliza mtu. Niliipa programu malori machache, ikamaliza, nikaifunga, nikaifungua, nikaipa machache mengine. Haikufa tena mpaka siku ilipokuja programu nyingine kutoka Dar. Na mnajua nani alishukuriwa? Haji alimchinjia Mtaalamu mbuzi. Makovu yalikuwa yamepona.

Nilimweleza Haji. Nilimketisha nikamwonyesha kwenye kioo: machache, inapita; mengi, inakufa; nyimbo hazimo tena na bado inakufa. Alitazama kwa uvumilivu, kisha akasema, "Sekela ni rafiki yako. Nakuelewa. Lakini mtu wa fani ameshasema." Nadhani aliujua ukweli nusu. Mtu mzima akishamfukuza mtoto wa watu mbele za watu, anahitaji sana awe amemfukuza kwa haki. Nilimwendea mara ya pili, akaniambia nisimrudishe kwenye jambo lililokwisha.

Mtaalamu naye alihama baadaye. Ofisi zilipata vijana waliosomea, na kupuliza kukakosa soko. Tulisikia amefungua stationery Itumba, kule Ileje, karibu na ofisi za wilaya, na mimi nikafurahi kwamba milima imetutenganisha.

Kisha Sekela akanitumia ujumbe. Alikuwa amerudi kwao kulima viazi na maharage, na wadogo zake wawili walikuwa wameacha shule. "Dada, siku ya gulio njoo Itumba. Kuna kitu nataka usikie kwa masikio yako."

Nilimkuta stendi ya Hiace amekalia gunia la viazi, kitenge kimefungwa kifuani kwa ajili ya baridi. Amekonda, ila sauti ni ile ile. Hakunieleza. Aliniambia niende stationery yenye mlango wa bluu nikatoe kopi ya kitu chochote. "Mimi nitabaki hapa," alisema. "Nikiingia ataacha kusema."

Nilisikia kabla sijafika mlangoni. Kwaya ilikuwa inaimba, na juu ya sauti zote ilipanda moja ambayo ningeitambua hata ningezikwa. Mtaalamu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, kichwa kimeshaingia mvi, taulo begani. Kwenye kioo zilikuwa zinapita picha za pasipoti, nyingi mno, za wanafunzi wa shule fulani, anazipunguza ukubwa. Na nyimbo zilikuwa zinatoka kwenye kompyuta ile ile.

"Karani!" alisema kwa furaha ya kweli. "Bado unakarani?"

"Shikamoo Mtaalamu. Bado. Naona una kazi nyingi. Mashine haikusumbui?"

Hakuna swali alilolipenda kuliko hilo. Alivuta kiti. "Hapa hakuna kusumbuliwa. Wengine wanashindilia picha zote kwa mkupuo, mashine inakufa. Mimi nailisha kwa kijiko. Chache, nafunga, nafungua, chache tena. Programu hizi zina uchoyo, zinashika hazitaki kuachia."

"Na nyimbo hizi? Hazijazi tumbo?"

"Nyimbo?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa taulo. "Karani, usinichekeshe. Wimbo uliolala haugusi memori kabisa. Hata ukiupiga, unakula kama chumvi kwenye ugali. Hilo hata mtoto analijua."

Nilitazama uso wake nikitafuta hata chembe ya aibu. Haikuwepo. Hakuwa anajificha. Alikuwa amesahau.

"Anaimba nani?" nikauliza.

"Hata simjui. Nilizinakili Tunduma kwa flashi, moja moja, kutoka kompyuta ya mtu fulani kabla hazijafutwa. Nyimbo nzuri kama hizi, uziache zipotee? Huyu binti anayeongoza, msikilize."

Nilitoa simu. Nilimwambia kuna mtu ninayemfahamu mwenye tatizo hilo hilo la memori, je, angemweleza kama alivyonieleza mimi? Alinyoosha kola. Nikampigia Haji, nikamwambia asiseme kitu, asikilize tu, nikaweka sauti ya nje na simu juu ya meza, kati ya Mtaalamu na spika.

Akaeleza. Alieleza vizuri zaidi mara ya pili, na kijiko, na uchoyo, na chumvi kwenye ugali. Mwisho nikamuuliza, "Na hili umelijua tangu lini, Mtaalamu? Tangu Tunduma?"

Angeweza kusema amejifunza juzi. Labda ndivyo ilivyokuwa, sijui mpaka leo. Lakini mtu yule hakuwahi kukiri maishani mwake kwamba kuna siku hakujua kitu.

"Tangu Tunduma?" alisema kwa dharau. "Tangu kabla ya Tunduma. Mtaalamu hafundishwi ukubwani."

Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na sauti ya Sekela ikaingia peke yake kabla ya wenzake. Kisha Haji akasema, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi, "Huyo anayeimba yuko wapi?"

Mtaalamu aliitambua sauti. Nilimwona akiitambua. Mkono wake ulikwenda kwenye taulo ukabaki hapo, na mimi nikaichukua simu nikatoka bila kuaga na bila kopi.

Sekela alisimama aliponiona. Nilimpa simu. Aliifuta mikono yake kwenye kitenge kwanza, ingawa haikuwa na udongo, akaiweka simu sikioni.

"Shikamoo, Haji," alisema.